Rubisi ya jana si rubisi ya leo

*SEHEMU YA 1*

Mama zangu, dada zangu wa Nyakahura na pande zote za Biharamulo na Ngara, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata "asante nesi". Nawaona.

Leo siongelei chanjo wala uzito wa mtoto. Nataka tuongee historia ya rubisi. Ndiyo, rubisi ile ile ya ndizi. Sababu ni swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki, na ninyi mnaoniuliza mnajijua: "Nesi, rubisi kidogo si inaleta maziwa? Si ndizi tu?" Mwingine anasema, "Mama mkwe kaniambia kikombe kimoja hakina shida."

Kikombe kimoja cha rubisi ipi? Ya mkamuo wa kwanza au ile iliyoongezwa maji? Ya jana jioni au ya juzi? Ya mtumbwi wa nani? Ukishaanza kuuliza hivyo unagundua kwamba kitu kinachoitwa "rubisi" kwa jumla hakipo. Kuna rubisi ya huyu, ya siku hii, ya ndizi hizi. Kila mtumbwi ni pombe yake. Wazee wetu walilijua hilo vizuri sana, na kuna Wazungu huko Ubelgiji ambao leo wanalipa pesa nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Twende polepole, nitaandika kwa sehemu.

*SEHEMU YA 2*

Kwa wale waliokulia mjini na wanaiona rubisi ikishafika kwenye kidumu tu, nieleze inavyotengenezwa.

Ndizi zake si za kupika. Kuna ndizi za pombe kabisa, zile ambazo Wahaya wanaziita embire, ukionja mbichi zinakukaba kooni. Zinavunwa zikiwa zimekomaa, zinafukiwa shimoni lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, au zinawekwa juu darini jikoni zipate moshi, mpaka ziive. Inachukua siku kadhaa, kama wiki hivi, kutegemea baridi na joto. Zikiiva zinamenywa na kutiwa kwenye mtumbwi. Usifikirie ziwani, huu ni mtumbwi wa kukamulia, gogo lililochongwa ndani. Zinachanganywa na nyasi, kisha wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka juisi inatoka. Nyasi zile zinashika makapi, juisi inachujika.

Juisi hiyo ya kwanza ni tamu kweli. Bukoba wanaiita omulamba, majirani zetu wa Burundi na Rwanda wanasema umutobe. Ndiyo wanayopewa watoto siku ya kukamua, na watoto wanaijua siku hiyo kuliko sikukuu. Baada ya hapo juisi inaongezwa maji, inarudishwa mtumbwini, unamwagwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha inafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa. Kesho yake ni pombe. Kesho kutwa ni pombe kali zaidi. Baada ya siku tatu nne inaanza kuwa siki.

Sasa angalia. Umeona mahali popote mtu ameweka hamira? Hajaweka. Hamira imetoka wapi? Imetoka kwenye maganda ya ndizi, kwenye mtama, kwenye nyasi, kwenye miguu (ndiyo, tusioneane aibu), na zaidi ya yote kwenye mbao za ule mtumbwi ambao umekamulia miaka na miaka. Vijidudu vya mkamuo wa mwezi uliopita vimejificha kwenye nyufa za mbao vinasubiri juisi mpya. Mtumbwi wa zamani ni kama mama mwenye watoto wengi, hauishiwi.

Ndiyo maana mtumbwi wa mzee huyu unatoa pombe laini, na wa jirani yake, kwa ndizi za shamba lile lile, unatoa pombe yenye ukakasi. Na ndiyo maana hata mzee mmoja, kwa mtumbwi wake mmoja, hatoi rubisi mbili zinazofanana. Mvua ikinyesha, juisi inakuwa nyepesi. Jua likiwaka, inachacha haraka. Mtama ukiungua kidogo, rangi na ladha vinabadilika.

Ukali nao hivyo hivyo. Rubisi iliyoongezwa maji mengi inaweza kuwa nyepesi kuliko bia ya chupa. Ile isiyoongezwa maji ni habari nyingine kabisa. Warundi wamezitenga hata kwa majina: ile ya kawaida ni urwarwa, na ile nzito ni insongo. Majina hayo mawili yana maana kubwa kwetu, na nitayarudia.

*SEHEMU YA 3*

Kuna aliyeniandikia pembeni: "Nesi, hii ni historia au mapishi?" Haya, historia.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walipita huku kwetu wakitafuta chanzo cha Nile. Walipita Usui, nchi ya mtemi Suwarora, ambayo ndiyo hii Biharamulo na sehemu ya Ngara ya leo. Suwarora aliwatoza hongo mpaka wakachoka, na uso wake hawakuuona. Wakaendelea hadi Karagwe kwa Rumanika, huko wakapokewa vizuri, na Speke akaandika habari za pombe ya ndizi. Yaani miaka zaidi ya 160 iliyopita, mgeni akifika huku, kitu cha kwanza kuandikiwa kitabuni ni migomba na kinywaji chake.

Lakini rubisi ya enzi hizo haikuwa bidhaa. Haikuuzwa. Mtafiti mmoja Mmarekani, Robert Carlson, aliandika mwaka 1990 kuhusu rubisi ya Wahaya, na alichokisisitiza ni kwamba ile pombe ilikuwa njia ya kupeana. Ukikamua, kuna sehemu ya mtawala, kuna sehemu ya mizimu ya ukoo, kuna ya majirani. Mtu hakukamua rubisi akainywa peke yake chumbani. Mahari, msiba, kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, vyote vilipita kwenye kibuyu.

Na wanywaji walikuwa nani? Mwanahistoria Justin Willis, aliyeandika kitabu kizima kuhusu pombe Afrika Mashariki kuanzia 1850 hadi 1999, anaonyesha kwamba karne ya 19 pombe ilikuwa zaidi mikononi mwa wanaume wazee. Vijana walisubiri. Wanawake walipata kidogo, kwa nafasi yao na kwa wakati wake. Kwa hiyo mama mkwe akikwambia "zamani wanawake wote walikuwa wanakunywa na watoto walizaliwa wazima", mwambie kwa heshima zote kwamba zamani anayoisema si ya zamani sana.

Tena kukamua kwenyewe kulikuwa kazi ya wanaume. Pombe za nafaka ndizo zilikuwa za wanawake. Mambo yalianza kugeuka pesa ilipoingia: kodi ya Mjerumani, kisha kahawa, kisha vibarua. Hapo pombe ikawa ya kuuzwa, na akina mama wengi, hasa wajane na waliotelekezwa, wakaona ndiyo njia ya kusomesha watoto. Sisemi hivi kuwalaumu. Wengi wetu tuna daftari la shule lililolipiwa na pombe mahali fulani kwenye ukoo.

*SEHEMU YA 4*

Sasa twende Ubelgiji, msishangae. Wabelgiji tunawajua. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yao yalitoka Kongo, yakawafukuza Wajerumani Biharamulo, yakaendelea hadi Tabora. Baadaye mipaka ikapangwa upya: Rwanda na Burundi zikabaki kwa Wabelgiji, na Bugufi, ambayo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikaangukia upande wa Waingereza. Ndiyo maana leo Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana bila mkalimani, na hata pombe yao ya ndizi wanaielezea vilevile.

Huko kwao, Brussels na vijiji vya magharibi yake, Wabelgiji wana bia inaitwa lambiki. Ngano isiyooteshwa na shayiri iliyooteshwa vinachemshwa, halafu usiku wa baridi uji ule unamwagwa kwenye beseni kubwa la chuma, pana, lenye kina kifupi, lililo wazi darini. Madirisha yanafunguliwa. Hakuna hamira inayowekwa. Hewa ya usiku inaleta vijidudu, na vingine vinatoka kwenye mbao za paa na za mapipa. Asubuhi unatiwa kwenye mapipa ya mbao na kuachwa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Wanapika kipindi cha baridi tu, kuanzia kama Oktoba hadi Machi au Aprili, kwa sababu joto likizidi hewa inaleta wabaya wengi kuliko wazuri.

Si ni rubisi hiyo? Ni rubisi ya wavumilivu.

Kiwanda kimoja maarufu, Cantillon, kilianzishwa mwaka 1900, bado kipo Brussels ndani ya mji, na tangu 1978 ni makumbusho pia. Utando wa buibui hawaondoi, maana buibui wanakula nzi wanaofuata matunda. Mimi kama nesi mkono uliniwasha kusoma hivyo, lakini sababu yao inaeleweka.

Na kwa kuwa kila pipa ni tofauti, bwana kiwanda anaonja mapipa na kuchanganya la mwaka mmoja, la miwili na la mitatu, kisha anatia kwenye chupa zenye kizibo kama za shampeni. Mwaka huu ina ukali wa limau, mwaka ujao ina harufu ya ngozi ya farasi (wanaisifia hivyo, si mimi). Mashabiki wa bia hii wamekuwa kama wakusanya stempu. Wanasoma tarehe iliyoandikwa kwenye lebo, wanaweka chupa kwenye chumba cha chini cha nyumba miaka kumi, ishirini, wanabadilishana chupa na mtu wa nchi nyingine, wanabishana usiku kucha kama mkupuo wa mwaka fulani ulikuwa bora kuliko wa mwaka uliofuata. Chupa nyingine zinauzwa kwa mamia ya dola. Kinachowavutia ni kule kutofanana.

Nikakumbuka wazee wetu. Nao hawakuwa tofauti. Waliketi na mirija wakasema hii ni ya mtumbwi wa fulani, mtama wake ameunguza, au hii ndizi zake hazikuiva sawasawa. Walikumbuka rubisi ya harusi fulani miaka thelathini baadaye. Tofauti ni moja tu: rubisi haikai. Huwezi kuiweka chini ya kitanda hadi 2035. Basi walichokusanya wao ni kumbukumbu na majina ya wakamuaji.

*SEHEMU YA 5*

Kwa nini ya Brussels imekuwa makumbusho na ya kwetu imebaki kwenye kidumu cha plastiki nyuma ya nyumba? Majibu ni mengi, nachukua mawili.

La kwanza ni sayansi na kiwanda. Mwaka 1904 mtaalamu wa Carlsberg huko Denmark, Niels Hjelte Claussen, alitangaza chachu ya ajabu aliyoikuta kwenye bia za Kiingereza, akaiita Brettanomyces, maana yake kuvu ya Uingereza. Baadaye aina yake ikatambuliwa kwenye lambiki, ikapewa jina la Brussels. Wabelgiji wakaweza kusema: ladha yetu ina jina kwenye vitabu. Rubisi ilikuwa na vijidudu vyake pia, lakini hakuna aliyesubiri kuwabatiza. Wakati huo huo bia ya kiwandani ilikuwa inaenea dunia nzima, na kinachouzwa na kiwanda ni kufanana. Bujumbura kiwanda cha Brarudi kilianzishwa 1955, chini ya Wabelgiji, na ile chupa ya kwanza na ya milioni zinatakiwa kuwa sawa kabisa. Malori yanayopita barabara yetu kwenda Rusumo yamebeba kufanana huko kreti kwa kreti.

La pili ni sheria. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana, wapi? Brussels! Wakasaini mkataba, na ndani yake walizuia pombe kali kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919 mkataba mwingine wa Saint-Germain ukakaza zaidi. Wakati wa mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa pombe kali ya Mzungu, na pombe yake mwenyewe ikaitwa "ya wenyeji", ikawekewa leseni na saa za kuuza. Watu wakajifunza kukeneka: unachukua rubisi iliyochacha, unaichemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapata gongo. Uhuru ulipokuja serikali zetu hazikulegeza. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965 na Tanzania ikatunga sheria ya moshi mwaka 1966. "Moshi" hapo si mji, ni pombe ya kukeneka.

Kwa maoni yangu sheria ilikuwa na sababu nzuri, ila ilileta jambo ambalo halikutarajiwa. Rubisi ilikuwa inakamuliwa uwanjani, kila mtu anaona nani anakanyaga, nini kinaingia. Gongo ikajificha porini usiku. Yule mzee wa kuonja na kusema "hii ya leo si nzuri, msinywe" hayupo tena.

*SEHEMU YA 6*

Hii sehemu naomba muisome mkiwa mmetulia.

Tofauti za mtumbwi na mtumbwi zikiwa za ladha, ni raha. Zikiwa za sumu, ni msiba. Tarehe 9 Januari 2015, kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikuwa msibani wakinywa pombe ya mahindi ya kienyeji. Hata kule inaitwa "pombe", neno hilo hilo letu. Zaidi ya watu 200 waliugua, 75 walikufa. Mama aliyeipika alikufa pia. Uvumi wa kwanza ulikuwa ni nyongo ya mamba, mtu katega. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Maabara zilipochunguza, hakukuwa na mamba wala mchawi: kulikuwa na sumu inayotengenezwa na bakteria walioota kwenye unga wa mahindi. Sumu hiyo hata ukichemsha haiondoki. Mama yule alipika kama alivyopika siku zote. Mkupuo mmoja tu.

Sumu ya namna ile ni nadra. Inayotuhusu zaidi ni methanoli. Kwenye rubisi ya kawaida, kwa kuwa ndizi zina pektini, methanoli kidogo inatokea yenyewe, na kwa kawaida si kiasi cha kuua. Vifo vya mkupuo vinatokea pale mtu anapoongezea spiriti ya viwandani kwenye gongo ili iwe kali na aiuze haraka. Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyoitwa kumi kumi. Aprili 2010, Kabale na maeneo mengine ya magharibi mwa Uganda, si mbali sana na sisi, zaidi ya 80 walikufa kwa waragi ya ndizi iliyotiwa methanoli. Waragi ile ilikuwa ya kwenye kidumu, yenye jina lile lile walilozoea.

Methanoli haikimbilii kuonyesha dalili. Mtu anakunywa jioni, analala, anaamka kama ana uchovu wa pombe wa kawaida. Halafu, pengine baada ya nusu siku au siku nzima, anasema naona ukungu, naona kama theluji, tumbo linauma, anahema haraka. Mama, ukimsikia mumeo anasema haoni vizuri baada ya kunywa, usimwache "alale iishe". Mbebe hospitali saa hiyo hiyo na useme kabisa alichokunywa na alikinywa saa ngapi. Nesi hatapiga simu polisi, anataka kuokoa macho yake. Kama kidumu kipo, njoo nacho. Na waliokunywa naye kwenye kidumu hicho waiteni wote, hata wanaojisikia wazima.

Mwaka 2017, tarehe 1 Machi, Tanzania ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za pakiti za plastiki. Wengi wenu mnakumbuka zilivyokuwa zimetapakaa kwenye njia za watoto kwenda shule. Sitasema marufuku imemaliza kila kitu, lakini kiroba angalau kilikuwa kimeandikwa asilimia. Kidumu hakina.

*SEHEMU YA 7*

Sasa nimefika kwenye swali la maziwa na mimba, maana mmelisubiri.

Kwanza mimba. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, waliandika kuhusu watoto zaidi ya mia moja waliozaliwa na wazazi wanywaji: wadogo, sura zinafanana, ukuaji umechelewa. Hawakusikilizwa sana. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaeleza hali hiyo hiyo na kuipa jina, dunia ndipo ikaamka. Kwa hiyo mama mkwe wetu aliyezaa miaka ya 1960 hakuambiwa na mtu, hata madaktari wakubwa walikuwa hawajakubaliana. Tusiwagombeze. Leo tunajua kwamba pombe inapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama, wala mwezi wa mimba ulio salama. Rubisi ni pombe. Kwamba imetokana na ndizi haibadilishi, kwani bia nayo si imetokana na nafaka?

Pili maziwa. Imani kwamba pombe inaongeza maziwa si ya kwetu peke yetu, Wazungu nao waliwapa wazazi bia nyeusi kwa sababu hiyo. Mwaka 1991 Julie Mennella na Gary Beauchamp wa Philadelphia walipima. Mama akinywa pombe, harufu ya maziwa ilibadilika, na watoto katika saa zilizofuata walinyonya maziwa machache zaidi. Mama anahisi titi limejaa, kwa kuwa mtoto hajalimaliza! Nadhani sehemu ya imani ile imetoka hapo, na nyingine imetoka kwenye kitu cha kweli kabisa: aliyejifungua alikaa, akapumzika, akaletewa maji maji mengi na ndizi na nyama. Hivyo ndivyo vinavyoleta maziwa, pamoja na mtoto kunyonya mara kwa mara.

Wenye vitabu vya Ulaya watakwambia subiri kama saa mbili kwa kila kinywaji kimoja kabla ya kunyonyesha. Hapo ndipo mtumbwi unaposhinda hesabu. Kinywaji kimoja kwao ni chupa yenye asilimia iliyoandikwa. Kikombe chako cha plastiki cha urwarwa na kikombe hicho hicho cha insongo vinaweza kutofautiana mara mbili na zaidi, na macho hayaoni tofauti. Huwezi kuhesabu saa za kitu usichojua ukali wake. Kwa hiyo kwa anayenyonyesha kichanga jibu langu ni usinywe. Na aliyekwisha kunywa harusini asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, amkabidhi mtu mzima asiyekunywa.

Tatu, watoto na omulamba. Kichanga chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata kijiko cha juisi hapana. Mkubwa zaidi akionja juisi palepale inapotoka mtumbwini, ni juisi, ingawa mikono na miguu na nyasi mnazijua. Ila juisi hiyo ikikaa kwenye sufuria hadi jioni tayari imeanza kazi. Ukiona povu dogo pembeni na ulimi unachonyota, imeshakuwa pombe ndogo, na mwili wa mtoto wa miaka miwili hauna nafasi ya pombe ndogo. Na tusicheke mtoto akilewa. Ufaransa, na ustaarabu wao wote, walikuwa wanawapa watoto divai shuleni, wakapiga marufuku kwa walio chini ya miaka 14 mwaka 1956 tu.

*SEHEMU YA 8, YA MWISHO*

Mmoja ameuliza kama rubisi yenyewe itakuwepo. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa huku Kagera. Mnajua unavyokuja: majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano. Wadudu wanaotembelea ua la chini ndio wanaoueneza, na aina ya ndizi za pombe inayoitwa kainja ndiyo inayoshambuliwa vibaya sana. Mashamba mengine yaling'olewa yote. Ukiwa na migomba, kata lile ua la chini mapema kwa kijiti chenye uma, si kwa panga, na panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishe kwenye moto. Wazee wanasema rubisi ya sasa si kama ya zamani, na kwa hili wana haki: ndizi zenyewe zimebadilika.

Na waliouliza togwa, maana ni swali zuri. Togwa nayo inachachushwa na vijidudu vyake, lakini hapo bakteria wa ukakasi ndio wanaotangulia, chachu za pombe zinafuata baadaye. Mtanzania mwenzetu Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walifuatilia watoto wadogo vijijini wanaolishwa uji wa nafaka uliochachushwa, wakaona wanapata kuhara mara chache kuliko wasiotumia. Asidi ile inawazuia vijidudu vya kuhara. Na unga wa kimea unaulegeza uji mzito, mtoto anapata unga mwingi kwa vijiko vilevile.

Kwa mwenye mtoto aliyevuka miezi sita: pika uji uive vizuri, uache upoe hadi vuguvugu, weka kimea, funika, mpe ndani ya siku hiyo. Kimea kiwe kikavu, hakina ukungu, hakina harufu ya kuvunda, na machipukizi yaondolewe kabla ya kusaga. Ukichemka wenyewe kwa povu siku ya pili au ya tatu na kunukia kama kilabuni, huo mpe baba yake.

Maswali wekeni hapo chini. Yale ya siri njooni nayo kliniki Alhamisi, niko dirisha la pili.